Fundo la Kichwani

Shangazi yangu Zuena anaosha maiti za wanawake hapa Nambilanje, na mimi Raudha ndiye ninayemshikia kopo la maji. Kazi hiyo aliipokea kwa mama yake mkubwa, wakati huo mimi sijaolewa bado. Halipwi, akipewa kanga ya shukrani, anaipokea. Siku nyingine zote ni mkulima kama sisi, ana mikorosho yake na shamba la ufuta, na ana mdomo mkali kwa mtu anayezembea kazini. Lakini watu wanamwogopa kidogo. Kwenye shughuli akikaa kula, kuna wanawake wanaohamia sinia jingine, kana kwamba mikono yake haijawahi kuona sabuni. Yeye huwacheka. Huwaambia wahame tu, iko siku watakuja kwake na hawatakuwa na nguvu za kuhama.

Jambo moja tu halifanyii mzaha. Anachokiona juu ya mwili wa marehemu hakisemi, si kwa mume wa marehemu, si kwa dada yake, si hata kwangu niliyesimama palepale. Sheikh hufundisha kwamba mwenye kuosha maiti akasitiri alichokiona, Mungu naye atamsitiri, na shangazi amelishika hilo kwelikweli. Siku ya kwanza aliyonichukua aliniambia, "Aliyekufa hana mlango wa kufunga. Mlango wake ni mdomo wako." Kwa hiyo haya ninayoyaeleza yana mpaka. Ninaeleza yale ambayo mwenye haki ya kuyasema aliyasema mwenyewe mbele za watu, na kuna mahali nitanyamaza.

Ilipotangazwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, nesi Lusiana wa zahanati alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na minne. Sheikh wa msikiti wetu alisema haina ubaya katika dini. Lakini ilikuwa inazunguka sauti kwenye simu za watu, ya mtu asiyejulikana hata jina, anasoma Kurani vizuri mwanzo na mwisho, na katikati anasema sindano ile inafunga kizazi. Sheikh tunayemjua, aliyetuozesha na kutuzikia wazazi wetu, hakusikilizwa. Akasikilizwa wa kwenye simu. Nikikumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Bibi Sikuzani hakuhitaji hata hiyo simu. Yeye ndiye anayewasomesha wanawake Kurani barazani kwake baada ya sala ya Alasiri, na akisema neno, sisi wengine tunalirudia. Alikuwa anamlea mjukuu wake Asmaa, msichana wa miaka kumi na mmoja, kwa sababu mama wa mtoto, Saada, aliyeolewa Nachingwea mjini, alimleta asomeshwe dini na bibi yake. Lusiana alipofika kwake alipewa kiti na maji ya kunywa, akasikilizwa mpaka mwisho. Kisha Bibi akamwuliza ugonjwa wenyewe unaambukizwaje. Lusiana ni mkweli, akajibu kwamba kirusi chake kinapita mwanamke na mwanamume wanapokutana.

"Basi ni ugonjwa wa wahuni," Bibi akasema. "Huyu namlea katika dini. Nikimpeleka kuchomwa, nitakuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba namtarajia awe mhuni."

Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima kabla jua halijazama. Kina mama waliokuwa wanasitasita wakapata pa kushika, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anampeleka binti yake kwenye sindano ya wahuni. Ya kufunga kizazi wengine walikuwa wameanza kuyatilia shaka, ila aibu ni kitu kingine, aibu haina dawa ya zahanati.

Lusiana akaja kwa shangazi. Alimkuta anapepeta ufuta, akamwomba azungumze na wanawake, kwani waoshaji wanaona jinsi wenye ugonjwa ule wanavyokufa. Shangazi hakuacha kupepeta. Akamjibu kwamba anachokijua amekijua kwa watu waliokwisha kufa, na hawakumpa ruhusa. Lusiana alikasirika, akauliza je, na hawa walio hai? Shangazi akazidisha kupepeta. Lakini Lusiana alipoondoka, ungo ulibaki mapajani kwa shangazi muda mrefu bila kutikiswa, na chakula nilichompelekea alikirudisha.

Timu ya chanjo ilipangiwa kufika shuleni kwetu Alhamisi, asubuhi tu, mchana waelekee Chinongwe. Alfajiri ya Alhamisi hiyohiyo simu ikaingia kwa Harithi, mtoto wa kiume wa Bibi Sikuzani. Dada yake Saada amefariki, na gari linauleta mwili nyumbani.

Saada alikuwa ameumwa zaidi ya mwaka. Mama yake kila alipouliza aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Alipokwenda Nachingwea kumwona alimkuta amejifunika shuka mpaka shingoni, amekonda, anacheka, hataki kuguswa. Bibi akaamini ni jini limetumwa na mtu mwenye wivu. Akamsomea, akampelekea kombe, yale maji yaliyooshewa aya, chupa baada ya chupa. Saada aliyanywa yote na kushukuru, ila jina la ugonjwa hakulitaja.

Gari lilifika jua limeshapanda. Harithi akatangaza kwamba maziko ni mara baada ya sala ya Adhuhuri. Nyuma ya nyumba tulizungushia turubai, tukamlaza Saada juu ya kitanda cha kuoshea, tukamfunika. Ng'ambo ya barabara ndiko shule iliko, na sauti za watoto waliopangwa mstari zilikuwa zinatufikia. Asmaa hakuwa kati yao. Alikuwa amekaa ndani miguuni kwa bibi yake, kwa sababu ya msiba, na hata kusingekuwa na msiba asingepelekwa.

Shangazi alianza kazi kama siku zote, mkono una kitambaa, unapita chini ya shuka bila macho kufuata. Mara akasimama. Miaka yote niliyomshikia kopo sijawahi kumwona anasimama katikati ya kuosha. Alisikiliza zile sauti za watoto. Kisha akairudisha shuka vizuri, akainama sikioni kwa Saada na kusema polepole, "Mwanangu, nisamehe. Namwita mama yako. Yeye ana haki kuliko mimi."

Akanituma nikamlete Bibi Sikuzani. Nilisita kwanza, maana kwetu mama aliyefiwa na mtoto hapelekwi kuosha. Wanawake wakanizuia mlangoni. Harithi akaja juu, akasema mama yake ana presha, nani atajibu akianguka? Nikasema shangazi hawezi kuendelea bila yeye. Bibi alisikia, akasimama, akajifunga kanga, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Alipoingia, shangazi alimpa kile kitambaa. "Dada," akamwambia, "wewe ndiye uliyemwosha alipozaliwa. Hapa mwoshe wewe."

Hapa ndipo ninaponyamaza. Nasema tu kwamba mkono wa Bibi uliingia chini ya shuka, ukaenda, ukakoma. Kopo langu likaisha maji nami sikuweza kujisogeza kuchota mengine.

"Zuena," akasema, "hili si jini."

Shangazi akainyoosha shuka.

"Ndio ule ugonjwa anaousema nesi?"

Nilitamani nimtingishe shangazi kwa ukaidi wake, mama wa watu anauliza naye amekaza midomo. Bibi akamtazama binti yake usoni, kisha akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba asijibiwe.

"Mwanangu alikuwa mhuni?"

Hapo shangazi alijibu. "Dada, Saada alianza alifu barazani kwako. Ulimwozesha akiwa mwali hajaguswa, akakaa na mume mmoja mpaka leo. Wewe ndiye uliyemsomesha. Niambie wewe kama alikuwa mhuni."

Bibi akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka bila sauti, na akaendelea kuosha mpaka akamaliza, vizuri, kwa utaratibu wote. Aliponyoosha mgongo aliniuliza kama wale wa sindano kule shuleni bado wapo. Nikasema nimesikia wanaondoka kabla ya Adhuhuri. Akatoka na kanga yake ikidondosha maji.

Tukabaki wawili. Tukamkausha Saada, tukampaka kafuri, tukamvika sanda. Shangazi akafunga miguuni, akafunga kiunoni. Pa kichwani akapaacha wazi, akakaa chini na kamba mkononi.

Adhana ya Adhuhuri ikasikika. Wanaume wakasali, wakatoka msikitini, wakajaa uani. Harithi akaja nyuma ya turubai akataka mwili utoke. Shangazi akasema bado. Akauliza bado nini. Akaambiwa mtoto hajamuaga mama yake. Basi mleteni huyo mtoto, akasema, na ndipo ikajulikana kwamba Asmaa hayupo ndani. Mtu mmoja akasema amemwona Bibi Sikuzani anavuka barabara, amelowa, anamvuta mjukuu wake kwa mkono, na huzuni imeshamharibu akili.

Harithi alipandisha sauti. Kumchelewesha maiti ni makosa, watu wa Nachingwea wana safari ya kurudi, sheikh amesimama juani. Akamwambia shangazi kama amechoka aitwe mwingine aje afunge. Nje wanawake wakatazamana, hakuna aliyesogea. Shangazi akasema, "Makosa hayo nitayajibu mimi," akaizungusha ile kamba vidoleni, akaibana. Mimi niliogopa zaidi yake. Kama gari la chanjo limeshaondoka, tumemvunjia Saada heshima mbele ya kijiji kizima na hatukupata kitu.

Na kweli lilikuwa linaondoka. Lusiana alinieleza baadaye kwamba boksi la chanjo lilishapakiwa, injini inanguruma, Bibi Sikuzani akaja kusimama mbele ya gari. Lusiana alishuka akampa pole. Akamwambia kwa upole kwamba mtoto ana msiba, apumzike, chanjo itakuwepo zahanati hata wiki ijayo.

"Leo," Bibi akasema. "Nikilala, watu watanibadilisha mawazo."

Pembeni walikuwepo kina mama waliokuja kuwatoa mabinti zao shuleni ili wasichomwe. Ni wanafunzi wake wa barazani. Bibi aliwageukia huku amemshika Asmaa begani.

"Saada wangu ameuawa na saratani ya mlango wa kizazi," akawaambia. "Nimemwosha kwa mkono huu, sasa hivi. Yale ya ugonjwa wa wahuni niliyasema mimi, na nilikosea. Anayetaka kusema mwanangu alikuwa mhuni, aseme nikiwepo."

Lusiana anasema dereva alizima gari mwenyewe. Boksi likashushwa.

Sisi kule nyuma ya nyumba hatukuyajua hayo. Tulichojua ni kwamba Harithi ameshika turubai alifungue kwa nguvu, na shangazi amesimama mbele ya Saada kwa mwili wake wote. Ndipo wanawake wakapisha njia. Asmaa akaingia, nyuma yake bibi yake. Kwa mkono wa kulia mtoto alikuwa amebana kipande kidogo cha pamba juu ya bega la kushoto.

Shangazi aliitazama ile pamba. Pamba kama hiyo ilikuwa imetapakaa pale kwenye kitanda cha kuoshea, ya kumtengenezea Saada. Nilimwona anafuta uso kwa kiganja. Kisha akafunua sanda usoni kwa Saada ili mtoto amuage. Asmaa akambusu mama yake kwenye paji la uso na kumwambia kitu tusichokisikia.

"Mkono unauma?" shangazi akamwuliza.

"Kidogo."

"Utaacha."

Akaifunika sanda, akafunga fundo la kichwani, akalivuta likakaza. Akamwita Harithi, akamwambia haya, mchukueni.

Nisiseme kijiji kizima kilibadilika siku ile. Wapo waliowapeleka mabinti zao zahanati wiki iliyofuata, wapo wanaokataa mpaka leo. Wapo wanaosema Bibi Sikuzani amemwaibisha mtoto wake kaburini, na wawili wameacha kusoma kwake. Wambeya walimfuata shangazi kumwuliza kama ni kweli alichokufa nacho Saada. Ingawa lilishasemwa mchana kweupe, jibu lake lilikuwa lilelile, kwamba wamuulize mama yake, yeye alikuwa anaosha.

Siku ya arobaini tulikwenda kusoma hitima. Chakula kilipoletwa shangazi akakaa pembeni kama kawaida yake, na mimi karibu yake. Bibi Sikuzani akatoka kwa wageni wake akaja kukaa mbele yetu.

"Zuena, wewe uliwaona wengine kabla ya Saada," akasema. "Ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Shangazi akaurudisha mkono kutoka kwenye sinia, nikaona macho yake yamejaa machozi. "Ungenisikia, dada?"

"Nisingekusikia," Bibi akasema. Kisha akalivuta sinia likakaa katikati yao, akanawa, akaanza kula naye.