Tumbaku ya Mkwe wa Port Reitz

Kwetu binti haposwi kwa maneno matupu. Waje na soda, waje na mchele, waje na mchungaji wao amevaa tai, mdomo wa nyumba haufunguki mpaka itolewe tumbaku, na mwanamke mkubwa wa ukoo aichukue kidogo kwa vidole, ainuse, aseme, "Nimeiona." Hapo ndipo chai humiminwa na watu wakaanza kusema walilolijia. Asipoinusa, wageni huinuka wakaenda zao, na hakuna anayekasirika mbele za watu. Hukasirikia njiani.

Siku hizi wengi wameacha. Mchungaji wetu hapa Junda husema ni mambo ya kizamani, na mimi simbishii, maana hata kifua changu chamuunga mkono. Lakini dada yangu mkubwa hakuacha. Yeye ndiye aliyebaki juu yetu sote tangu mama alipotutoka, na ugoro wake hukaa katika kikopo cha mafuta ya kujipaka, kimefungwa kwenye pindo la leso. Jani lake hulinunua kwa mzee mmoja wa Mwakirunge, anayepanda miche michache nyuma ya nyumba, vumbi la machimbo likiyakalia majani hata yakaonekana kama yamepakwa chokaa. Dada husema vumbi lile ndilo linalotia ukali. Mimi humwambia yeye ananusa mawe. Hilo tumebishana mpaka tumezeekea humo.

Sasa, habari ya mjukuu wangu. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba mtoto akiwa hajamaliza kuota meno, na aliporudi alirudi na maisha mengine yasiyokuwa na nafasi ya mtoto. Simlaumu. Mtoto akalelewa na dada yangu, ambaye Mungu hakumjalia wake. Akamlea kwa uji wa mtama na makofi, na kumsuka nywele kila Jumapili hata alipokuwa mkubwa wa kujisuka mwenyewe. Leo anauza katika duka la dawa huko Changamwe. Kijana aliyempenda ni dereva wa zile gari za kunyanyua makontena. Alikuja dukani kununua dawa ya mgongo, akaja tena, akaja tena, mgongo ukiwa mzima.

Wazazi wa kijana ni watu wa bara, ila wamekaa Port Reitz tangu ujana wao. Na hapo ndipo penye mwiba. Dada yangu hakuwa na neno na kijana. Aliogopa bara. Aliwahi kuona binti wa jirani akiolewa na mtu wa huko, akapelekwa kwenye baridi, na mama yake hakumwona tena ila katika simu, picha ikikatika-katika. Kwa hiyo nilijua, na mjukuu wangu alijua, kwamba dada alikuwa akitafuta tundu. Angepata tundu hata la sindano, posa ingepitia hapo ikamwagika.

Siku moja kabla ya wageni, mjukuu wangu alinifuata uani nikikuna nazi.

"Babu, bibi asipoinusa?"

"Atainusa, mke wangu." Mjukuu wa kike kwetu ni mke wa babu yake, ndio utani wetu.

"Na asipoinusa?"

Nikaendelea kukuna nazi.

Mwenye kuitengeneza balaa ni mimi. Nilimpigia simu baba wa kijana, tukasalimiana vizuri, nikamwambia, "Mkwe, mengine yote ni yenu, lakini msisahau tumbaku. Na iwe nzuri, isiwe ya mchezo." Yule bwana akafurahi mno katika simu. Akasema, "Mzee, hapo umeongea na mtu anajua hiyo kitu." Nikalala usingizi mzuri. Sikufikiri kwamba kwa mtu wa ugoro tumbaku nzuri ni jani na magadi, na kwa mtu mwingine ni kitu kingine kabisa.

Walikuja Jumamosi baada ya adhuhuri. Baba mtu, mnene, mcheshi, amestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mama mtu, mpole, amejifunga kitenge cha kanisa lao. Na kijana, ambaye jasho lilimtoka kama aliyebeba makontena kwa mikono. Wakaketi ukumbini. Mjukuu wangu akasimama mlangoni na sinia la birika, vikombe na mahamri, akingoja. Hawezi kumimina kabla ya tumbaku, anajua.

Mkwe akatoa kisanduku cha mbao, kidogo, akakifungua mbele ya dada kwa mikono miwili. Ndani zimelala sigara nene za majani matupu, rangi ya kahawa, zimevishwa pete za karatasi. Wenyewe huziita siga.

"Mama," akasema, "hizi si zile za matajiri. Ni za bei ya mtu wa kawaida, lakini zimeviringwa na mikono, si mashine. Mimi huvuta moja Jumapili nikitoka kanisa. Nimewaletea ile naipenda mwenyewe."

Nami nikaona kwamba hakuwa akituchezea. Mtu akikupa anachojinyima wiki nzima, amekupa.

Dada akaitwaa moja, akaigeuza, akaigonga kwenye mkono wa kiti. Kisha akaniambia kwa lugha ya kwetu, ili wageni wasielewe, "Niliambiwa naletewa kumbaku. Huu ni mchi wa kutwangia nini, kitunguu thomu?"

Wajukuu wengine waliokuwa dirishani wakacheka. Mkwe naye akacheka, hajui amechekewa nini. Mama mtu hakucheka. Alikuwa anamtazama dada usoni, na wanawake husomana bila lugha.

"Haisagiki, hainusiki," dada akasema, sasa kwa Kiswahili cha watu wote. "Mimi nitaonaje kitu kisichonusika?"

Tundu lilikuwa limepatikana. Nikasikia vikombe vikigongana kwenye sinia.

Nikasema, "Dada, ni tumbaku hiyo, imeviringwa tu."

"Umejuaje?"

"Kwa macho."

"Kwa macho hata kinyesi ni halua. Wewe si ndiye mwanamume wa nyumba hii? Basi vuta, uniambie. Ukidanganya nitajua, nimekujua ukiwa huna suruali."

Basi nikavuta. Mkwe hakuja na kikatio chake cha siga, kikaletwa kisu cha vitunguu, akakata ncha ya kichwani kidogo sana, kwa adabu, kama anayemkata mtoto mchanga kucha. Akaniambia nisiuingize moto mdomoni kwa pupa, nikaribishe kiberiti kwanza, nizungushe, mpaka ukingo wote uwe mwekundu. Hayo nikafanya. Halafu nikasahau yote. Mimi zamani nilivuta msokoto, enzi za kupakia magunia ya saruji, na msokoto unauvuta mpaka kwenye nyayo. Nikaivuta siga hivyo.

Wallahi, niliona ahera. Nilikohoa machozi yakanitoka, nikashika meza, meza nayo ikaniponyoka.

"Usimeze, mzee!" Mkwe ananipiga mgongo. "Hii haimezwi! Unashikilia kwa mdomo, unaonja, unaachilia!"

"Mwacheni afe," dada akasema. "Posa na matanga tumalize siku moja."

Nilipopata pumzi nikajaribu tena, taratibu. Moshi ule ni mgeni wa barazani. Unamkaribisha, unamkalisha, mnazungumza, kisha unamsindikiza. Chumbani haingii. Nilipoelewa hilo, ulimi ukaanza kuniletea habari. Kwanza uchungu mkavu, kama maganda ya mti. Nyuma yake kahawa, ile tungu ya birika la shaba. Halafu pilipili manga kwenye ncha ya ulimi, nikadhani basi. Lakini nilipoutoa moshi kilibaki kitu kitamu puani, cha mafutamafuta, kama korosho zinapochomwa na ganda limeanza kupasuka. Jivu halikuanguka. Lilikaa pale mwishoni, la kijivu, limeshikana, hata nikawa naliangalia.

Mkwe naye alikuwa amewasha yake. Mtu anayejua kitu kizuri hakuharakishi.

Hapo ndipo ilinijia harufu nyingine. Mama yetu alikuwa akifunga majani ya tumbaku kichala, akayatundika juu ya mafiga, darini, na yakikaa huko msimu mzima yalikuwa na harufu ya moshi wa kuni na asali iliyoungua. Tulilala chini yake, mimi na dada, kwenye mkeka mmoja. Sikuwa nimeisikia tangu nyumba ile ilipobomolewa.

"Dada," nikasema, "ni dari la mama."

"Mama yangu usimtie kwenye mambo ya michi."

Lakini hakulisema kwa nguvu. Akachukua siga nyingine kisandukuni, haijawashwa, akaikaribisha puani. Akakaa nayo hapo. Kisha akaichana pete, akatia kucha, akaanza kuifungua, jani baada ya jani, akiyatandaza juu ya leso mapajani. Mkwe akawa kama mtu anayemwona mwanawe akinyolewa na kinyozi kipofu. Akafungua mdomo, mkewe akamgusa goti, akafunga.

"Nileteeni kikaango," dada akasema. "Na magadi. Na jiwe langu."

Akayakausha majani yale juu ya moto mdogo, akayasaga na magadi, na nyumba nzima ikajaa. Hata jirani aliita ng'ambo ya ukuta kuuliza tunapika nini. Wageni waliketi, kijana jasho limekauka kwa woga, na mjukuu wangu hajaliweka sinia chini. Hakuna aliyethubutu kumpokea.

Dada akachukua kidogo kwa vidole. Akanusa pua moja, akanusa ya pili. Akangoja. Kisha akapiga chafya kubwa hata kitambaa cha kichwa kikamwendea kando.

Mkwe, kwa furaha au kwa adabu, akanyoosha kiganja. "Mama, na mimi." Dada akamtilia kilo nzima ya ukarimu. Bwana yule akavuta yote mara moja, kama mimi na moshi wake. Nisieleze yaliyompata. Itoshe kwamba alitoka nje, na mkewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu waingie, akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

"Sasa mmelipizana," akatuambia.

Mkwe aliporudi, macho mekundu kama ya mvuvi wa mchana kutwa, dada alikuwa bado hajasema "Nimeiona." Alimtazama mama wa kijana.

"Mama mwenzangu," akasema, "tumbaku si kitu. Nakuuliza wewe, si waume hawa. Mtoto huyu mtampeleka bara?"

Mama mtu akajifunga kitenge vizuri kabla ya kujibu.

"Dada, mimi nililetwa huku nikiwa msichana, na mama yangu alilia. Nyumba yetu ya bara ina popo. Hata Krismasi hatuendi tena. Wanangu nimewazaa hapahapa Port Reitz, na nilizaa peke yangu, hakuna wa kunishika mkono. Huyu wako akiwa na mimba nitamleta kwako mwenyewe, na ukikubali nitakaa na kulala hapa na mimi, nijifunze mnavyofanya."

Dada akatazama unga wa tumbaku uliobaki kwenye jiwe.

"Unakoroma?"

"Kidogo."

"Nimeiona," dada akasema.

Mjukuu wangu akalia, sinia karibu limponyoke, kijana akalidaka. "Unalia nini wewe?" dada akamfokea. "Hujaolewa. Leo tumefungua mdomo wa nyumba tu, bado tumbo." Chai ikamiminwa, mambo mengine yakasemwa, na hayo ni ya watu waliokuwapo.

Walipokwenda zao, mjukuu wangu akiwasindikiza mpaka barabarani, dada alibaki pale kitini anazikunja nyuzi za leso yake. Nikaketi karibu naye. Nilidhani atanisema kwa ile simu yangu.

"Port Reitz si mbali," akasema.

"Si mbali. Unapanda mpaka mjini, kisha unapanda tena."

"Kwa magoti haya ni mbali."

Magoti yake nayajua, na yangu yako njiani kuyafuata. Nje tulisikia wanacheka barabarani, wote pamoja, sauti ya mtoto wetu ikiwa juu ya zote.

"Msikilize," dada akasema. "Hata haangalii nyuma."

Kisha akaniambia nimpe mkono, ainuke.