Tochi ya Jogoo na Tochi ya Nyota

Betri ikivuja hutoa harufu kali, chungu, inayokaa nyuma ya ulimi. Mimi nikiisikia harufu hiyo, naona bohari ya kampuni pale Likasi, mabati yake yaliyoshika kutu, na moshi wa kiwanda unaochoma koo upepo ukigeukia kambini kwetu. Sikusoma sana, darasa la nne likanitosha, lakini siku ile naisoma mpaka leo bila miwani.

Baba alikuwa mtu wa tanuri. Ujana wake wote alisimama mbele ya shaba inayochemka, akiitazama kama imeiva au bado, vile mama anavyotazama bukari, ugali wetu, jikoni. Shaba ikamla macho polepole. Yalipoanza kufifia aliomba ulinzi wa bohari, wakampa, wala hawakumuuliza kwa nini. Aliyejua ni Mama, na mimi niliyemwongoza kila jioni kwa kisingizio cha kumbebea chakula. "Usiku kila muntu ni kipofu," Baba alituambia, "miye nimewatangulia tu." Tulicheka, lakini kwa hofu. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga wa posho wa kampuni, shule ya kaka zangu ya kampuni. Macho ya Baba yakijulikana, vyote vinarudi kwa mwenyewe.

Miaka ile picha ya mkubwa wa nchi ilining'inia kila ofisi, lakini balbu ya kuimulika haikupatikana. Taa za ukuta wa bohari ziliungua moja baada ya nyingine, hakuna aliyezibadilisha. Badala yake shefu wa ulinzi, mwanamume wa shingo nene na koti lililofungwa hadi kooni, akaleta tochi kubwa za kummulika mwizi toka mbali. Kulikuwa na chapa ya Jogoo, ndefu, ya kung'aa kama sufuria mpya. Na ya Nyota, nyeusi, nzito, iliyovikwa mpira. Walinzi wachague moja, yeye akaagize za kutosha.

Wanaume wakabishana kama wanaochagua bibi arusi. Papa Ilunga akasema Jogoo inamulika hadi mlimani. Papa Mwape akamjibu, "Jogoo yako ni ya kuchunga kuku! Nyota, ukimupiga nayo mwizi ku kichwa, analala." Ikabidi zijaribiwe kwa mchezo wao wa siku zote: mmoja asimame mwisho wa bohari, mle ndani mwenye giza hata mchana, wengine wammulike usoni huku wakimsogelea. Tochi itakayomfumbisha macho kutoka mbali zaidi ndiyo imeshinda.

"Papa Kasongo, enda weye," Shefu akamwambia Baba. "Weye muntu wa moto, hauogopi mwangaza."

Nilikuwa nimemshika mkono. Aliubana wangu, akauachia, akatembea hadi ukutani, akageuka, akanyoosha mgongo. Wakawasha Jogoo. Macho ya Baba wazi. Wakasogea. Wazi. "Aa, Jogoo iko bure!" Papa Mwape akaruka kwa furaha. "Leteni Nyota!" Wakawasha Nyota, wakasogea, wakasogea tena, vicheko vimejaa kwenye mabati vikimeza kila neno, na Baba, masikini, anatabasamu akingoja kusikia kwamba mchezo umeanza. Nilikohoa kumpa ishara, lakini nani angesikia kikohozi cha mtoto katika kelele zile?

Shefu akaichukua Nyota mwenyewe, akaileta mpaka karibu na pua ya Baba. Vicheko vikakatika. Papa Mwape akasema taratibu, "Shefu, torshi haina makosa."

"Papa Kasongo," Shefu akauliza, "niko nakumulika na gani?"

Baba akafikiri kidogo. "Na Jogoo," akasema.

Afe punda, mzigo wa bwana ufike. Mwezi haukuisha, tukapanda lori na magodoro yetu, tukaenda Kapolowe kulima muhogo. Kaka zangu wakaacha shule. Kampuni ilimpa Baba zawadi ya kuagana: tochi mpya ya Nyota. Waliomkabidhi hawakuona haya. Aliitundika kwenye msumari kando ya kitanda, na kila jioni alinitaka niiwashe, aweke kiganja juu ya kioo asikie joto lake, mpaka betri zikavuja. Betri nyingine tungezitoa wapi?

Leo bohari ile haina hata bati. Mjukuu wangu Hervé, niliyemlea kwa mikono hii, anayeniita Kambo kama wajukuu wote wa kwetu, anachimba madini katika mashimo ya Shinkolobwe, mahali walipokatazwa, bila posho, bila hata shefu wa kumfukuza. Watu wanasema afadhali zamani. Afadhali ipi? Baba yangu aliuza macho akapata nyumba ya kuazima. Huyu anauza roho nzima, na nyumba hakuna.

Juzi alikuja na taa mbili za kuvaa kichwani, chapa mbalimbali, anasifia kila moja kama mchuuzi. "Kambo, ya gani iko na nguvu?" Nikamsimamisha jikoni, penye giza, nikammulika usoni. Akafumba macho papo hapo. "Kambo, unaniuwa macho!" Nikachukua ya pili, nikammulika tena. Akafumba tena, huku akicheka.

"Chukua yoyote," nikamwambia. "Mimi nimekwisha kuona nilichotaka."