Almasi Nyuma ya Banda la Kuku

Kwetu Busia, upande wa Uganda, mtandao wa Kenya hushika mahali pamoja tu: nyuma ya banda la kuku. Huko ndiko mdogo wangu, mwenye laini ya Kenya, alikohamia wiki ya mwisho ya Ramadhani, alipotoka Ulaya kuja kula Idi nasi.

Kazi yake ni kubana hidrojeni kati ya ncha za almasi mbili, ndogo kuliko punje ya mtama, mpaka hewa hiyo igeuke kama chuma, jinsi wanavyodhani ilivyo ndani kabisa ya sayari ya Mshtarii. Wenzake maabarani walikuwa wakikaza skrubu kidogo kidogo na kumtumia ujumbe. Almasi zikistahimili, atarudi mbio kupima, Idi atuachie wenyewe. Zikipasuka, kazi ya miezi imekwenda, naye atakula pilau.

Mimi, ambaye safari yangu ndefu ni Tororo, na hata huko nilirudi kabla ya magharibi kwa kukumbuka kiti changu, nilijua naombea nini. Nikamwambia.

"Kaka, unaomba kazi yangu iharibike?"

"Naomba ukae. Almasi ni shida yao."

Kumtuliza, nikajifanya mwanafunzi. Fizikia iliniacha sekondari, sikuikimbilia.

"Kwani si kama sufuria ya presha?"

"Sufuria ya presha hapo ni kupuliziwa na kifaranga."

Mama alikuwa akichambua mchele. "Almasi mbili, mtoto yangu, na hakuna hata moja ya kuvaa."

Mdogo wangu hakutulia. Aliinuka katikati ya futari, tende mkononi, akaenda bandani. Akirudi, anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Kuku wakaacha kumkimbia.

Siku mbili kabla ya Idi alirudi kutoka bandani polepole.

"Imepasuka moja."

Nikangoja furaha yangu ije. Yeye alikaa, mikono mapajani, ametulia tuli, na utulivu ule ukanikera kuliko kule kuhangaika. Siku ya Idi alimaliza sahani, akamsifu Mama, na nina hakika hakuonja kitu.

"Hawana nyingine?" nikamuuliza jioni.

"Wanaanza tena leo na jozi ya akiba, imeshaandaliwa. Sitaki kusikia."

Basi nikachukua simu yake, nikaenda mwenyewe nyuma ya banda. Nilisimama mpaka magoti yakalalamika, mimi mtu wa kiti, jogoo akinitazama kama mgeni asiye na adabu. Ujumbe ulipoingia sikuusoma. Nilimwita, huku kichwani nimeshaanza kumfungia mabegi.