Namba Tatu Ilimtosha

Mume wangu aliharibikiwa mgongo kwenye trekta la shamba la ngano la serikali, kule chini Hanang. Miaka ya kurushwarushwa kwenye kiti cha chuma ilimbana mshipa wa fahamu, na mguu wa kushoto ukawa unamuungua bila moto. Shamba likamrudisha nyumbani Tlawi na asante ya mdomo. Kila asubuhi nilipiga magoti kumfunga kamba za buti, naye akitazama ukutani kwa aibu.

Ndipo daktari mmoja mgeni akatuazima kisanduku cha umeme cha betri. Vipande viwili vya mpira vinabandikwa kiunoni, kisha unazungusha swichi, sifuri hadi kumi.

"Tafuteni namba inayotuliza maumivu," alisema. "Mkiipata, atabaki nacho. Mkikosa, wagonjwa wengine wanakisubiri."

Tuliipata siku ya nne. Kwenye tatu umeme ulimtekenya tu, kama sisimizi wanaopita. Akainama, akafunga buti mwenyewe, zote mbili, akaenda kuangalia ng'ombe. Nilibaki jikoni nikilia kwa furaha kama mjinga.

Halafu wenzake wa shambani wakaja kumjulia hali. Walicheka sana. Tatu? Mwanamume mzima? Walipoondoka akapandisha: tano, saba, tisa. Misuli ilimrukaruka, ngozi ikababuka, na buti zikarudi mikononi mwangu.

"Baba watoto, tatu ilikutosha," nilimwambia.

"Nyamaza. Dawa ni ile unayoisikia."

Siku ya kurudi hospitali, daktari alimuuliza namba gani inamsaidia.

"Tisa," alijibu, kifua mbele.

"Na chini ya hapo?"

"Hamna kitu, daktari. Mimi si mtoto."

Daktari akaitazama ile ngozi, akanigeukia. "Mama, ni kweli?"

Nililelewa kwamba mke hamuumbui mumewe mbele ya wageni. Nikasema, "Ni kweli."

Daktari akasema tisa itamchoma tu, mashine haimfai. Akaviringisha nyaya, akaifungia kabatini.

Mume wangu aliishi miaka mingi na mguu ule. Namba tatu hakuitaja tena. Nina hasira naye hadi leo, na nina hasira zaidi na ulimi wangu, uliojua kusema na ukachagua adabu.

Siku ya mazishi waliniuliza avalishwe viatu gani. Nikaleta zile buti, nikapiga magoti, nikazifunga.