Viti Vilivyomngoja Msemaji

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale sikupewa kalamu ya kuchorea. Nilipewa stuli na penseli. Ofisi ya wachora ramani ilikuwa orofani, juu ya duka la vitambaa, na mwenye ofisi alikuwa mzee wa Kisikh ambaye sote tulimwita Msanifu. Aliniketisha dirishani.

"Mama, angalia chini," akaniambia. "Mtu akisimama, weka kitone. Akipita tu, wacha yeye apite."

Nilikuwa mtu mzima, nimechora ramani za mashamba Kimilili kwa miaka mingi, nikaona nimedharauliwa. Hata hivyo nilitii. Kwa siku tatu niliweka vitone kwenye karatasi ya kunakilia, ile nyembamba inayokuonyesha mchoro ulio chini yake. Asubuhi ukungu wa Mlima Elgon ulikuwa ukiufunika mji wote, kisha unaurudisha polepole: kwanza mabati ya paa, kisha kofia za wanaume, mwisho miguu yao. Nilihisi kama ninayemtazama mtu akiamka.

Siku ya tatu Msanifu alipanga karatasi zangu moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga. Vitone vilikuwa vimerundikana kwenye pembe mbili, kama kumbikumbi wanapotoka ardhini. Pale katikati, mahali ambapo mimi ningeweka kitu cha kupendeza, hapakuwa na kitone hata kimoja.

"Unaona? Watu imeshachora," akasema. "Sisi nanakili tu."

Desturi ya pili ya ofisi ile ilikuwa duara mbili. Ukikuta kitu kwenye ardhi ambacho hakipaswi kuguswa, kama kisima, kaburi au mti wa mpaka, unakizungushia duara mbili na kuandika kando: *kilichopo, kisiondolewe*. Tangu hapo fundi haruhusiwi kukisogeza bila barua kutoka ofisini. Hiyo nilikuja nayo kutoka kwenye ramani za mashamba, na Msanifu aliipenda.

Miaka michache baadaye, Msanifu akiwa Nairobi akitibiwa macho, tulipata kazi ya kuchora uwanja wa umma hapo hapo Kitale. Uwanja wa umma ni mahali ambapo mtu wa mjini anaweza kukaa bila kulazimika kununua kitu wala kujieleza. Kazi ile niliifanya peke yangu, na kosa nalo ni langu peke yangu.

Sikushuka na stuli. Niliinama mezani nikauota uwanja. Tatizo ni kwamba tangu utotoni nilijua njia moja tu ya watu wengi kukaa nje pamoja: baraza. Chifu mbele, wananchi wanamtazama. Basi nikachora jukwaa la saruji lenye paa, na mbele yake safu kumi na mbili za viti vya saruji, vyote vikilitazama. Kila mkubwa aliyeuona mchoro aliusifu. Baadaye nilielewa kwa nini: kila mmoja wao alijiona amesimama jukwaani.

Siku ya kufunguliwa, uwanja ulijaa. Kesho yake, saa tisa alasiri, nilikwenda kuutazama nikiwa na furaha ya mzazi. Hapakuwa na mtu. Mvua ya mchana ilikuwa imepita, na kila kiti kilibeba kipande chake kidogo cha mbingu. Vijana wawili walipita kando kando.

"Si tukae hapa?" mmoja akauliza.

"Zii, bana. Hii ni kama class. Ukikaa, ni kama unangoja ticha."

"Na ticha ameshatoroka!"

Wakacheka, wakaenda kuegemea ukuta wa duka, juani, wamesimama.

Msanifu aliporudi, amevaa miwani nyeusi, nilimpeleka. Aliketi safu ya tatu, mikono magotini, akalitazama jukwaa tupu kwa muda mrefu.

"Mama," akasema mwishowe, "mimi nangoja nani?"

Hakunigombeza, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

Mwaka uliofuata alinituma Bungoma. Kulikuwa na kiwanja cha vumbi karibu na soko, nacho pia kilitakiwa kiwe uwanja. Safari hii nilibeba stuli yangu mwenyewe. Njia ya miguu ilikata kiwanja kwa mshazari, imepinda kidogo katikati. Pale kwenye kupinda aliketi Mama Nafula, mjane, mbele ya jiko la makaa, akichoma mahindi. Nilidhani yeye alikaa kwenye njia. Kufikia siku ya pili niliona kinyume chake: njia ndiyo iliyopinda kumfuata.

"Madam, unaniandika makosa?" aliniuliza siku hiyo.

"Naandika wanaosimama."

"Basi andika huyu, maana anasimama tangu asubuhi na hanunui," akasema, akimwonyesha mzee mmoja mwenye baiskeli.

"Nasikia joto tu, mama," mzee akajitetea.

"Joto nalo ni mahindi, mzee wangu. Tafuna."

Siku ya tatu karatasi zangu zilikuwa nyeusi kulizunguka jiko lile. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya uwanja alipokuja kukagua. Alilitazama jiko, akapunga mkono mbele ya pua.

"Jukwaa litakaa hapa. Huyu wa mahindi ataondoka. Moshi utawaingia wageni machoni."

Mama Nafula alisubiri mpaka mwenyekiti alipokwenda. Alikuwa amelea watoto wanne kwa jiko lile. "Nikitolewa hapa nimekwisha," akaniambia, safari hii bila mzaha. "Mahindi si kanisa, madam. Hakuna mtu atayafuata mbali."

Nilirudi Kitale na maneno hayo. Nilichora njia ikiwa na kupinda kwake kule kule. Sikuchora safu hata moja. Nilichora ngazi pana, za chini, zilizoizunguka njia, ili mtu aketi akitazama upande anaotaka. Jukwaa likawa ngazi ya juu tu. Pale kwenye jiko niliweka duara mbili, nikaandika: *kilichopo, kisiondolewe*. Kamati ikikataa, ofisi ingepoteza kazi, na mimi pengine stuli yangu.

Msanifu aliisogeza karatasi karibu kabisa na macho yake.

"Hii ni kisima?"

"Ni jiko."

"Maji natoka?"

"Hapana. Watu wanakuja."

Akaifuta miwani yake, akaivaa tena, akatia sahihi. Kamati nayo ilipitisha mchoro. Nadhani walihesabu ngazi na hawakusoma maandishi madogo.

Ujenzi ulipofika penye jiko, mwenyekiti, mbele yangu, alimwamuru nyapara, yaani msimamizi wa mafundi, amwondoe Mama Nafula. Nyapara akakunjua ramani.

"Haiwezekani, mheshimiwa. Hapa kuna duara mbili."

"Tangu lini mama wa mahindi akawa kisima?"

"Mimi sijui, mheshimiwa. Mimi najenga ramani."

Mwenyekiti alinigeukia. Nilimwambia angeweza kuandika barua ofisini, nasi tungeijibu. Alimtazama Mama Nafula. Mama Nafula akamnyooshea hindi lililoiva, limepakwa pilipili na ndimu. Mwenyekiti hakulipokea. Lakini barua pia hakuandika.

Uwanja ulipokamilika, Msanifu aliomba apelekwe. Macho yake yalikuwa yamefifia sana. Nadhani aliuona kama mimi nilivyouona mji ule wa ukungu. Aliketi kwenye ngazi na hindi lake, akisikiliza sauti zilizomzunguka. Wingu la mvua lilipotanda nilimuuliza kama twende.

"Ngoja kidogo," akasema.

Sasa nimestaafu, naishi Saboti, na Msanifu hayupo tena duniani. Vijana wanaosoma kazi hii huniuliza kinachoufanya uwanja uishi. Huwaambia wanunue stuli kwanza. Kwa miaka mingi niliuepuka ule uwanja wangu wa Kitale. Nikienda mjini nilizunguka mtaa mzima nisiuone. Majuzi mvua ilinikimbiza, nikajikuta mbele yake.

Moshi ulikuwa ukipanda kutoka jukwaani. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa amepanda na jiko lake pale juu, penye ukavu, akichoma mahindi. Na kwenye zile safu kumi na mbili watu walikuwa wameketi, wengine wamejifunika magazeti vichwani, wanatafuna, wote wakimtazama yeye.

Nikaketi safu ya tatu. Nilitoa penseli mkobani, na nyuma ya risiti, kwa kukosa karatasi nyingine, nikachora duara mbili.