Tulimfukia binti yangu mwenye mgongo wazi kwenye mchanga wa ziwa ili anyooke

Wakuu, heshima zenu. Mnanijua kwa kutia chumvi, ila leo kopo la chumvi nimelificha.

Miaka ya tisini hapa Mwanza ilivuma habari kwamba mchanga wa ziwa, jua likiwa utosini, unanyoosha mgongo. Eti mtoto mmoja wa Sengerema alifukiwa hadi kiunoni akiwa amepinda kama ndoano, akatoka amenyooka kama nguzo ya simu, akapanda feri kwa miguu yake.

Niliamini mia kwa mia. Nilikuwa na cheti cha sekondari ya jioni, nauza mitumba Mkuyuni, najiona profesa.

Binti yangu Kabula alizaliwa na mgongo wazi. Walimshona angali kichanga, lakini miguu haikuamka. Alipokaribia umri wa shule, mgongo ukaanza kwenda upande. Akikaa lazima ajishikize chini kwa mikono yote miwili.

Sasa penseli ashike na nini?

Hospitali walisema tumlete mara kwa mara wapime ule upindo, huenda akafanyiwa operesheni. Sisi tukaona wanachelewa. Mama mkwe akaja kutoka Kisesa kusimamia, ikawa kila mchana tunamfukia ufukweni.

Kabula mwenyewe anacheka. "Baba, msinisahau humu nikaota kama muhogo."

Mchanga ule ungechemsha chai, wakuu. Mtoto katulia tu.

Mama mkwe akaniambia, "Baba Kabula, unaona? Halii. Dawa imekubali."

"Imekubali, mama."

Siku moja tukamtoa, ngozi ya makalio imechunika. Kidonda kikala hadi mfupa. Operesheni ikasimama, maana hakuna anayepasua mgongo wa mtu mwenye kidonda kinachooza. Kilipokuja kupona, mbavu zilishakaa juu ya nyonga na mapafu hayawezi kuhimili usingizi wa dawa.

Dawati hakulikalia hata siku moja. Leo ni mtu mzima, anasoma kwa simu akiwa kalala ubavu.

Mwenye mtoto wa hivi, mgongo upimwe mapema, na ngozi ikaguliwe kila siku. Mliopitia haya andikeni hapa chini. Hata matusi napokea.

Siku ile tunampeleka na kidonda, nilimsifia kwa daktari: huyu jasiri, hakulia hata mara moja. Daktari akaacha kufunga bandeji.

"Baba, kuanzia kiunoni kwenda chini huyu mtoto hasikii kitu. Mlikuwa mnamuunguza."