Siku Mama Alipokwenda Kuona Hita

Mimi hasira zangu ziko karibu. Hilo analijua kila mtu anayeshonewa nguo kwangu mjini Nyeri. Uniahidi kitambaa Jumatatu, unikawize mpaka Ijumaa, halafu utake gauni Jumamosi asubuhi uende nalo harusini, utanisikia. Mama yangu si hivyo. Mama akikasirika anateremsha sauti, anakifungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, polepole, na mtu mwenye akili hapo huanza kutafuta mlango.

Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake huko kwetu, juu, karibu na msitu wa mlima. Ni kikundi kama vingine: wanachanga, na mwenye zamu anapewa. Ila wana sheria yao moja ambayo hawaivunji. Ukipewa zamu yako, unasema mbele ya wenzako utanunua nini. Godoro, sema godoro. Tangi la maji, sema tangi. Muda ukipita wanakuja kuona. Wanakuja wote, na sare zao nilizowashonea mimi, na uji kwenye thamosi. Risiti hawaulizi. Wanalikalia godoro. Wanaligonga tangi kwa ngumi wasikie kama lina maji. Halafu mnakunywa uji pamoja na kuimba, na jirani wote wanajua kwako kumeingia kitu kipya.

Na kama kitu hakipo? Hakuna atakayekutukana. Wanakaa tu, wanakunywa uji wao kimya, hadi wewe mwenyewe utaje siku watakayorudi. Nikiwa msichana nilimwona mama mmoja aliyeahidi tangi kumbe kanunua koti la kwenda nalo harusi ya dada yake. Loo! Wale wanawake walimeza uji bila neno, na yeye kasimama pale na koti lake. Afadhali angechapwa. Tangi lilikuja, na mpaka leo liko nyuma ya nyumba yake, na akipata mgeni ndilo analoanza kumwonyesha.

Wakati huo mimi niliona ni umbea tu uliovaa sare. Niliona haya kuwa mtoto wa mwenyekiti.

Sasa, kule kwetu kuna zahanati, na zahanati ina chumba cha kujifungulia. Chumba hicho kilitiwa kufuli kwa sababu hakina maji ya moto. Mtu wa Mombasa anaweza kucheka, lakini aje kwetu mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka saa sita mchana, ajaribu kumwosha mtoto mchanga kwa maji yale ya bomba. Wauguzi walichemsha maji kwa sufuria walizotoa majumbani mwao, makaa wakinunua wenyewe, hadi wakachoka. Kuanzia hapo, mwenye uchungu akawa anateremshwa hospitali kubwa mjini. Na barabara yetu mvua ikinyesha ni tope tupu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, alizalia kwenye barabara hiyo. Gari la kukodi lilikwama kwenye mteremko, na mtoto akaja palepale kiti cha nyuma. Mama ndiye aliyempokea. Alimfunga kwa leso yake, akaishika ile miguu midogo kwa viganja viwili na kuipulizia pumzi njia nzima, gari likisukumwa na watu. Walipofika mjini miguu ilikuwa bado baridi. Mtoto hakuishi.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposhika mimba nyingine, tulifurahi kwa woga. Alikuja kwangu Skuta, mtaani kule mjini, akakaa jikoni, akanitazama nikimenya viazi, akasema, "Mimi kwa gari siingii tena. Nitazaa kwa hiyo dispensari, ama nizae kwa nyumba ya Mami."

"Usiongee hivyo," nikamwambia.

"Nishaongea."

Nilijua hatanii. Nilipompelekea Mama habari, alikifunga kitambaa chake cha kichwa upya.

Idara inayohusika sitaitaja, wenyewe wanajijua. Kila mwaka wanawaita wananchi ukumbini na kuwasomea jinsi pesa zilivyotumika. Watu wengi hawaendi, na wanaoenda wengine hufuata soda na mkate. Mwaka huo nilifunga duka nikaenda, nikakaa karibu na Mama, kikundi chake kikiwa safu mbili nyuma yetu.

Afisa alikuwa kijana nadhifu, suti imemkaa vizuri, nasema kama fundi. Akasoma. Kulikuwa na semina kule Nanyuki, hotelini, juu ya huduma bora kwa mama na mtoto. Kulikuwa na mkutano wa kutathmini ile semina, Nanyuki tena, hoteli ileile. Kulikuwa na mikoba ya semina, mapazia ya ofisi, viti vya ofisi, chai ya ofisi. Nilijiuliza hawa watu wanakunywa chai ngapi jamani. Halafu akasoma, kwa sauti ileile ya mapazia: hita ya maji kwa chumba cha kujifungulia, zahanati yetu, imeshanunuliwa.

Niliruka kama nimekalia sindano. "Imenunuliwa iko wapi? Wewe umewahi kufika kule? Unajua kule watu..."

Mama alinivuta sketi. "Keti."

"Lakini Mami..."

"Keti chini, umesikia?"

Nikaketi. Ana miaka yake, lakini mkono wake bado ni wa mtu aliyechuma chai. Akasimama yeye, na sauti ikashuka, mpaka watu wa nyuma wakanyamaza ili wamsikie.

"Kijana yangu, asante kwa kutusomea. Hiyo hita umesema mmenunua. Tunaweza kuja kuona?"

Afisa akatabasamu kwa furaha. Nadhani alikuwa amejitayarishia matusi. "Mami, karibuni sana! Kujeni siku yoyote, ata wiki hii. Hiyo ofisi ni yenu."

Nyuma yangu nilisikia wanawake wakiguna wote kwa pamoja. Ati siku yoyote! Mtu wa kwingine ningemsamehe, lakini huyu alikuwa wa hapa hapa, kwao ni Sagana. Mtu wa milima hii aliyelelewa na mama anajua kwamba ukiwaambia wanawake wa kikundi waje waone, umejifunga. Sijui kama ni suti iliyomsahaulisha.

Walituma habari, wakaenda siku ya soko. Kutoka kwetu waliteremka wakiwa wamevaa sare, vitambaa vya kichwa vya rangi moja, thamosi mikononi. Mimi nikajiunga nao mjini. Askari wa langoni alituona akafungua geti lote, akapiga saluti. Kumbe ndani walikuwa wanatungoja! Afisa alikuwa amewaambia wenzake kwamba kina mama wanakuja kutoa shukrani. Walikuwa wamepanga viti, wakaleta na mpiga picha. Wanawake wakaimba wimbo wao wa kuingia kwa mtu, wafanyakazi wakapiga makofi, mpiga picha akatuzunguka akichuchumaa huku na kule. Mimi nilitaka kucheka na kulia.

Wakatukaribisha chai. Hapo ndipo rafiki ya Mama, yule mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde, alisema hawezi kushika mkate na mikono ya safari. Akaonyeshwa msala wa wageni. Hakukawia. Tulisikia, "Uuui! Wamama, kujeni! Maji iko moto!"

Tulikwenda. Juu ya sinki, ukutani, kulikuwa na lile pipa jeupe la umeme, jipya kabisa, karatasi ya nailoni bado imelizunguka shingoni. Mama akanyoosha mkono, akalishika, akautoa. Alifungua bomba akanawa, taratibu, hadi viwiko, kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto. Akampisha wa pili. Wakajipanga foleni hadi nje mlangoni, kila mmoja akiingia anaosha mikono, akitoka anaipangusa kwa sare yake. Watu wa ofisi walikuwa wamesimama na vikombe vyao. Mpiga picha alikuwa ameacha kupiga picha.

"Hii ndiyo ile?" Mama akauliza.

Afisa alijaribu. "Mami, hakuna mtu ameiba. Ililetwa hapa ingoje fundi wa kuipeleka huko juu. Halafu tukaingia kwa semina, halafu..."

"Kwa hivyo inangoja."

"Ee, inangoja tu."

"Na ikingoja inawaosha mikono."

Nilikuwa na maneno yangu tele mdomoni, makali, ya kutosha ofisi nzima. Nilikuwa nimeyapanga tangu ukumbini. Nilifungua kinywa, na yule rafiki ya Mama akanitia mkononi kikombe cha uji. Nikakifunga kinywa.

Wanawake walirudi kwenye viti vilivyopangwa kwa ajili ya shukrani. Chai hawakuigusa. Wakafungua thamosi zao, wakamiminiana uji, wakaanza kunywa. Hakuna neno. Kijana mmoja wa ofisi akasema kwa sauti ya chini, "Kwani wanafanya nini?" Simu ya mezani iliita ikakata yenyewe. Mama alimimina kikombe kimoja zaidi akampelekea afisa, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Alikipokea. Akautazama ule uji, na nikaona uso wake unabadilika, yule mtu wa suti anaondoka na anabaki mtoto wa mtu.

"Mama yangu ako na kikundi kama hii," akasema. "Huko Sagana."

"Basi unajua tunangoja nini," Mama akamwambia.

Akanywa uji. Wote tulimtazama akinywa. Alipomaliza akasema, "Jumatano. Nitaileta mimi mwenyewe."

"Jumatano tutakuja kuona," Mama akasema, na kikundi kizima kikasimama.

Tulipotoka pale langoni, nilimwangalia Mama akitembea mbele, mgongo umeinama kidogo, thamosi tupu kwapani, na nilijivuna. Nataka niseme wazi. Nilijivunia ule umbea uliovaa sare. Mimi na kelele zangu tungefukuzwa na askari, na kesho yake ingekuwa habari ya mwanamke mkorofi wa kushona nguo. Wao walikunywa uji, basi. Nikamwambia, "Mami, wewe ni mtu hatari." Akaniambia nishone vizuri pindo la sare yake, limeanza kufumuka.

Jumatano afisa alikuja. Alikuja nyuma ya pikapu na fundi, ameikumbatia ile hita isigongwe na mashimo, viatu vimejaa tope letu. Zahanati ilikuwa imejaa. Hita ilipofungwa, rafiki ya Mama akaigonga kwa ngumi, paa, paa, akatangaza kwamba ina maji, na wimbo ukalipuka. Safari hii shukrani zilikuwa za kweli na afisa alichezeshwa hadi tai ikahamia mgongoni. Muuguzi alilitoa lile kufuli mlangoni akalitia mfukoni. Na mwaka uliofuata, niseme tu kwa kuwa nimefika hapo, semina yao haikwenda Nanyuki. Ilifanyika kwenye ukumbi wetu, na chai wakapikiwa na kikundi.

Mdogo wangu alishikwa na uchungu asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu mzito, huoni ng'ombe wa jirani. Gari halikuitwa. Alitembea kwa miguu, Mama upande mmoja, mimi nyuma na kikapu cha nguo za mtoto. Kila alipokamatwa tulisimama, akashika ua wa watu, akapumua, tukaendelea. Niliona jinsi Mama alivyokuwa anakitazama kile kipande cha barabara ambapo gari lilikwama. Tulikipita.

Walinibakisha nje kwenye benchi. Mimi naogopa damu, na hata muuguzi anajua. Nilikaa nikisikiliza, nikikunja na kukunjua leso ya Mama, ileile ya siku ya gari, ambayo sitaki kusema nilikuwa nayo kwa nini, hadi nikasikia mtoto akilia, kwa hasira, kama ameirithi kwangu mimi. Nikasimama. Mlango ukafunguliwa.

Ndani kulikuwa na mvuke kwenye dirisha. Mama alikuwa kwenye sinki. Hakuwa ameuliza kama ni msichana au mvulana. Alikuwa ameweka mikono chini ya bomba, maji ya moto yakiipita, na aliiacha hapo muda mrefu, kisha akaipangusa, akageuka. Mdogo wangu alikuwa amemlaza mtoto kifuani. Akafunua blanketi upande wa chini.

"Shika miguu yake, Mami."

Mama akasogea. Akaishika ile miguu midogo kwa viganja viwili, akainama, akaanza kupuliza pumzi.

"Mami, wacha," mdogo wangu akamwambia. "Iko na joto."

Mama akaacha kupuliza. Lakini miguu hakuiachilia.